Namna ya kupiga hesabu za biashara ya sembe, kuanzia mizani ya mahindi hadi deni la dukani

Mwenye mashine ya kukoboa na kusaga anaweza kuuza unga kila siku, wateja wakajaa, na bado akafika mwisho wa msimu hana pesa ya kununulia mahindi. Mara nyingi chanzo ni kwamba anahesabu shilingi bila kuhesabu kilo. Mahindi huingia kwa debe na kutoka kwa kiroba, na hapo katikati maji hukauka, uchafu hupepetwa, pumba hutengwa, vumbi hupeperuka. Kilo hizo zote zililipiwa wakati wa kununua.

Maelezo haya yanamhusu mwenye mashine ndogo ya umeme, yenye mota ya farasi 20 hivi, anayenunua mahindi mwenyewe na kuuza sembe kwa viroba, tuseme tani 20 za mahindi kwa mwezi. Bei zote hapa ni za mfano. Weka za kwenu, ila usibadilishe mpangilio wa hesabu.

Nunua kwa kilo

Debe ni kipimo cha ujazo: lita 20. Mahindi makavu yakisawazishwa juu ya debe huwa karibu kilo 15, na yakiwekwa kichwa hufika 17 au 18. Kwa hiyo "gunia la debe sita" linaweza kuwa na kilo 90, na linaweza kuwa na kilo 108. Ukinunua kwa debe na kuuza kwa kilo, hujui ulichonunua, na hakuna hesabu ya baadaye itakayokuwa sahihi. Lumbesa nayo, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo chake, usiitumie hata kama wenzako wanaitumia. Humwibia mkulima, na mkulima aliyeibiwa msimu huu, msimu ujao anakuletea mahindi mabichi au yenye mchanga chini ya gunia.

Mizani iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Kati ya uhakiki mmoja na mwingine, ipime mwenyewe kila wiki: pima ndoo tupu, ijaze maji lita 20 kwa kipimo unachokiamini, pima tena. Tofauti iwe kilo 20. Ikisoma 19.5, kila tani unayopima ina kosa la kilo 25.

Kisha unyevu. Kipima unyevu ni kifaa kinachorudisha gharama yake haraka kuliko karibu kila kitu kingine kwenye kinu. Kama bado hujakipata, tumia chumvi: ikaushe vizuri, weka vijiko viwili kwenye chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika mbili, kisha acha itulie. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 hivi. Isipoganda, haina maana kwamba mahindi yamefika 13, bali yameshuka chini ya 15 tu.

Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinaruhusu unyevu usiozidi asilimia 13.5. Lenga 13. Kujua kilo zitakazobaki baada ya kukausha, chukua kilo ulizonunua, zidisha kwa (100 kutoa unyevu wa sasa), gawanya kwa 87, yaani 100 kutoa 13. Tani moja yenye unyevu wa asilimia 16 inabaki kilo 965. Ya asilimia 18 inabaki 942. Ya asilimia 20 inabaki 919, yaani kilo 81 za maji ambazo umelipa bei ya mahindi.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayokupa bei ya haki. Kama mahindi makavu ya asilimia 13 ni shilingi 600 kwa kilo, ya asilimia 18 yana thamani ya 600 × 82 ÷ 87, yaani shilingi 565, na hapo bado hujawalipa vibarua wa kuanika. Mwonyeshe muuzaji hesabu hiyo waziwazi. Ukilipa bei moja kwa mahindi makavu na mabichi, unamwadhibu aliyejitahidi kuanika.

Mahindi yenye ukungu usiyanunue kwa bei yoyote. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu (aflatoksini, sumu inayotokana na ukungu), na sumu hiyo haiondoki kwa kupika ugali. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni sehemu 10 kwa bilioni kwa sumukuvu zote, na 5 kwa aina ya B1. Kukoboa hupunguza sumu kwenye sembe kwa sababu sehemu kubwa iko kwenye ganda na kiini, lakini inahamia kwenye pumba, na pumba zinaliwa na kuku na ng'ombe wa maziwa. Kwa hiyo punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu zitengwe kabla ya kukoboa, na zisirudishwe kwenye pumba.

Daftari la kilo

Daftari la kwanza la biashara hii ni la kilo. La fedha linafuata. Kila siku ya kazi andika kwenye mstari mmoja: tarehe, kilo za mahindi zilizonunuliwa, unyevu, kilo zilizoingia mashineni baada ya kukaushwa na kupepetwa, kilo za sembe, kilo za pumba, viroba vilivyotumika, na uniti za LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) kabla na baada ya kazi.

Kila Jumamosi jumlisha na utafute namba tatu.

Ya kwanza ni sembe kwa kila kilo 100 zilizoingia mashineni. Kwa sembe nyeupe ya kawaida tegemea 70 hadi 75. Ya pili ni sembe na pumba kwa pamoja, ambazo zifike 97 hivi, zinazobaki zikiwa vumbi na unyevu unaopotea kwa joto la mashine. Ya tatu ni uniti za umeme kwa tani.

Namba hizi husema mambo tofauti. Sembe ikishuka na pumba zikapanda, jumla ikabaki 97, tatizo liko kwenye kukoboa: chekeche limetoboka, au opereta anapitisha mahindi mara nyingi ili unga uwe mweupe zaidi. Jumla ikishuka hadi 93 au 94, kilo zinaondoka bila kuandikwa. Angalia mizani kwanza, halafu mfuko wa vumbi, halafu mlango wa stoo usiku. Usianze kwa kumtuhumu mtu. Sembe ikipanda ghafla na kuzidi 78, kuna maji: mahindi yamelowanishwa kupita kiasi kabla ya kukobolewa, na unga huo utaota ukungu dukani na kukurudia. Uniti kwa tani zikipanda, kwa mfano kutoka 75 hadi 90, nyundo zimelika, mikanda imelegea, au mahindi ni mabichi.

Unga upoe kabla ya kufungwa. Ukifungwa wa moto, mvuke hugeuka maji ndani ya kiroba, na hasara yake huonekana wiki mbili baadaye kama madai ya wateja, wakati umeshasahau ni mahindi ya nani.

Gharama halisi ya kilo moja

Chukua tani moja ya mahindi yenye unyevu wa asilimia 16, yaliyonunuliwa bila kukatwa bei ya unyevu. Baada ya kukausha zinabaki kilo 965. Kupepeta kunaondoa asilimia 2, zinaingia mashineni 946. Sembe kwa asilimia 74 ni kilo 700. Pumba kwa asilimia 23 ni kilo 218. Zinazobaki ni vumbi.

Gharama za tani hiyo:

Mahindi, 1,000 × 600: 600,000
Usafiri, kupakia na ushuru: 45,000
Vibarua wa kuanika na kuchambua: 15,000
Umeme, uniti 75 × 360: 27,000
Viroba 28 vya kilo 25, kimoja 700: 19,600
Mishahara: 30,000
Ukarabati na uchakavu wa mashine: 20,000
Pango, leseni, ulinzi, simu: 18,000
Riba ya mtaji kwa mwezi mmoja: 19,400
Jumla: 794,000

Toa pumba: kilo 218 × 350 ni 76,300. Zinabaki 717,700. Gawanya kwa kilo 700 za sembe: shilingi 1,025 kwa kilo, au 25,630 kwa kiroba cha kilo 25.

Ukiuza kiroba kwa 27,000, yaani 1,080 kwa kilo, tani moja ya mahindi inakupa mauzo ya sembe ya 756,000 na faida ya 38,300. Sasa tazama anachofanya asiyehesabu maji na uchafu. Anasema tani moja kwa asilimia 74 ni kilo 740. Kilo 40 alizoziota, kwa 1,080, ni shilingi 43,200. Zimezidi faida yote. Atapanga bei kwa kutegemea unga ambao haupo, na kila tani itamla mtaji kidogo kidogo huku duka likionekana limejaa wateja.

Pumba nazo zinahitaji umakini kuliko zinavyopewa. Bila zile 76,300 biashara hii ni hasara tupu. Wapo wanaoziacha kama marupurupu ya opereta. Zipime, ziuze kwa kilo, ziandike. Bei yake hupanda kiangazi malisho yanapopungua, kwa hiyo pumba kavu zilizohifadhiwa vizuri wiki chache zinaweza kukuongezea zaidi ya ulichoweza kuongeza kwenye bei ya unga.

Mistari miwili ya gharama husahaulika sana. Mmoja ni uchakavu. Hapa mashine na mota za shilingi milioni 12 zimegawanywa kwa miezi 60, yaani 200,000 kwa mwezi, na nyundo, chekeche, mikanda na beringi zimetengewa 200,000 nyingine. Jumla 400,000 kwa tani 20 ni 20,000 kwa tani. Ziweke kwenye akaunti ya pembeni kila mwezi, zisichanganyike na pesa ya mahindi, kwa sababu mota huungua wakati mahindi yameshaanikwa na wateja wanasubiri. Mwingine ni mshahara wako. Kama unafanya kazi kinuni, jilipe kiasi kinachojulikana, na unga unaopelekwa nyumbani uandikwe kwa bei ya gharama.

Umeme usiukisie kwa nguvu iliyoandikwa kwenye mota. Soma LUKU, koboa na saga magunia kumi, soma tena, gawanya.

Kama unawasagia pia wateja wanaokuja na mahindi yao, hiyo ni biashara nyingine. Iwe na daftari lake na sanduku lake la pesa. Ukichanganya, shilingi za kusagia zitaficha hasara ya sembe kwa miezi mingi.

Tani ngapi zinatosha

Kwenye hesabu ile, mishahara (600,000 kwa mwezi), pango na vinavyofuatana nalo (360,000) na uchakavu wa mashine (200,000) havipungui kazi ikipungua. Jumla ni 1,160,000 kila mwezi. Kwa tani 20 ni 58,000 kwa tani. Kwa tani 10 ni 116,000. Maana yake faida ya 38,300 inageuka hasara ya 19,700 kwa kila tani, bei ikiwa ileile na mashine ileile.

Kupata tani za kutopata hasara, jumlisha faida ya tani na gharama zisizobadilika za tani hiyo: 38,300 + 58,000 = 96,300. Gawanya 1,160,000 kwa hizo 96,300. Jibu ni tani 12. Chini ya hapo unafanya kazi kumlipa mwenye pango. Miezi ya kabla ya mavuno, mahindi yanapoadimika, ndiyo inayoshusha wengi chini ya mstari huo, na ni busara kupanga mapema: punguza siku za kuwasha mashine, ukubaliane na wafanyakazi malipo kwa gunia badala ya mwezi, ongeza kusagia wateja.

Mtaji uko wapi

Hesabu siku ambazo shilingi yako inakaa nje. Mahindi yakikaa stoo siku 14, unga siku 5, na maduka yakilipa baada ya siku 14, pesa inarudi baada ya siku 33. Kwa tani 20 kwa mwezi, siku 33 ni tani 22. Ukikadiria shilingi 700,000 kwa tani, unahitaji zaidi ya milioni 15 zikizunguka, mbali na bei ya mashine. Wengi huanza na mashine nzuri na milioni tatu za mahindi, halafu wanashangaa kwa nini mashine inalala siku tatu kwa wiki.

Njia rahisi ya kupata mtaji ni kuutoa kwa wadaiwa. Ukishusha siku za mkopo dukani kutoka 14 hadi 7, unaachilia karibu tani tano, yaani zaidi ya shilingi milioni 3, bila kwenda benki. Kanuni inayofanya kazi na maduka ya rejareja ni kiroba kwa kiroba: mzigo mpya haushuki hadi mzigo uliopita ulipwe. Kila duka liwe na ukurasa wake, kiwango cha juu cha deni kikiandikwa juu ya ukurasa, na mwenye duka asaini kila anapopokea. Anayelipa taslimu mpe punguzo dogo. Shilingi 200 kwa kiroba cha 27,000 ni chini ya asilimia moja, na ni nafuu kuliko riba ya nusu mwezi.

Shule na vituo vinavyonunua kwa mkataba huchelewesha malipo. Ongeza riba ya miezi hiyo kwenye bei unayotaja tangu mwanzo.

Kununua Julai au kusubiri

Nyanda za Juu Kusini bei hushuka baada ya mavuno, katikati ya mwaka, na kwa kawaida hupanda kuelekea Januari na Februari. Kishawishi ni kujaza stoo. Kwanza jua bei ya kusubiri. Mahindi ya 600 mwezi Julai, kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, miezi sita: 108. Mifuko isiyopitisha hewa, ukigawanya bei kwa misimu inayotumika: 20 hivi kwa kilo. Upungufu wa asilimia 2: 12. Stoo na ulinzi: 10. Jumla ni 750. Kama huoni sababu ya mahindi kuzidi 750 Januari, nunua ya miezi miwili tu na uendelee kuzungusha.

Fuatilia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) unanunua na kuuza lini na wapi, na mwenendo wa mauzo ya nje, kwa sababu akiba ya serikali ikiingia sokoni bei hushuka wakati wewe bado una stoo iliyojaa. Wadudu nao hawasubiri: dumuzi, yule ambaye wakulima wengi humwita Skania, hugeuza punje kuwa unga ndani ya gunia la kawaida kwa miezi michache. Mfuko usiopitisha hewa unamzuia, mradi mahindi yawe makavu na mfuko usiwe na tundu. Mahindi mabichi ndani ya mfuko huo yataoza.

Mkopo na kodi

Kabla ya kusaini mkopo uliza swali moja: riba inahesabiwa juu ya deni la mwanzo au juu ya salio linalobaki? Milioni 10 kwa miezi 12, asilimia 3 kwa mwezi juu ya deni la mwanzo, riba yake ni 3,600,000, na rejesho ni 1,133,000 kwa mwezi. Asilimia 3 hiyohiyo juu ya salio, rejesho ni 1,005,000 na riba yote ni kama 2,055,000. Mkopo wa kwanza kwa kweli una riba ya karibu asilimia 5 kwa mwezi. Ongeza ada ya maombi, bima na makato ya mwanzo, kisha linganisha jumla utakayorudisha, usilinganishe asilimia zilizobandikwa ukutani.

Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vina haki ya kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri, unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Daftari la kilo la miezi sita ni kiambatisho kizuri kuliko maneno mengi ya andiko la mradi. Ukitaka kupeleka unga wenye nembo yako madukani utahitaji alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na ofisi ya mkoa ya SIDO (Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo) ndiyo huanza na wajasiriamali wadogo.

Kodi ya makadirio ndiyo inayoweza kuumiza biashara yenye faida nyembamba, kwa sababu inatozwa juu ya mauzo. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2022, mwenye mauzo kati ya milioni 11 na milioni 100 kwa mwaka alitozwa asilimia 3.5 ya mauzo. Kwenye mfano wetu hiyo ni 26,460 kwa kila tani, kwa mauzo ya sembe pekee, kutoka kwenye faida ya 38,300. Aliye na hesabu kamili, zenye risiti za EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti) za mauzo na hati za manunuzi, anaweza kutozwa juu ya faida, na kwa tani 20 kwa mwezi mauzo yanazidi milioni 180 kwa mwaka, juu ya ukomo huo wa milioni 100, kwa hiyo kwa viwango hivyo hesabu kamili ni lazima hata hivyo. Ugumu uko kwenye manunuzi: wakulima hawatoi risiti. Tengeneza kitabu cha manunuzi chenye nakala mbili, kikionyesha jina la muuzaji, kijiji, kilo, unyevu, bei, saini yake na ya shahidi, ubaki na nakala moja. Malipo makubwa yapitie simu au benki ili yaache kumbukumbu. Nenda ofisi ya wilaya ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) na kitabu hicho kabla ya msimu kuanza, uwaonyeshe utakavyokitumia, upate kuelewana nao wakati bado hakuna deni la kodi mezani.